Nilivyozungumza na Nyani ili Mdogo Wangu Ahitimu

Mdogo wangu wa mwisho alipofika mwaka wa tatu chuoni, huko Dar es Salaam, aliambiwa hatahitimu mpaka afanye utafiti wake mwenyewe na kuuandikia ripoti. Alinipigia simu nikiwa juu ya mnazi. Mimi ni mkwezi, na huku kwetu Mchinga mtandao unashika vizuri zaidi kileleni, kwa hiyo habari nyingi kubwa za maisha yangu nimezipokea nikiwa nimekumbatia mti.

"Kaka, nimepewa utafiti."

"Kuhusu nini?"

"Nachagua mwenyewe. Natafuta swali, halafu naenda kutafuta jibu lake."

"Na walimu wanafanya nini?"

"Wananisimamia."

"Yaani ada tunalipa sisi, swali unauliza wewe, jibu unatafuta wewe, na wao wamesimama?"

"Kaka, shuka kwanza kwenye mnazi."

Sikushuka, ila niliacha kutania, maana jambo lenyewe halikuwa la mzaha kwangu. Mama yetu alitangulia, baba akamfuata kabla ya mwaka kwisha, na mimi nikatoka darasa la sita nikaingia minazini kuwatunza wadogo zangu. Darasani tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza desimali; mpaka leo sijui ile nukta ilikuwa inakwenda wapi. Wadogo wawili wa katikati wameshajitegemea, wana nyumba zao. Huyu wa mwisho, ambaye baba alimwacha anatambaa, ndiye aliyefika chuo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba atavaa lile joho na ile kofia yao bapa hata kama itanibidi nikwee kila mnazi kutoka Lindi hadi Kilwa. Sikujua kwamba ningetakiwa kufanya jambo gumu zaidi.

Akachagua nyani. Utafiti wake ulikuwa kuhusu mbinu wanazotumia wakulima kuzuia nyani wasile mahindi shambani. Msimamizi wake, mwalimu mmoja mwenye kofia pana na udadisi mpana zaidi, akalipenda wazo. Sasa ikatakiwa kupata kijiji chenye nyani wengi, na mahali pa binti kulala kwa usalama. Tukakaa kikao cha simu, mimi na wadogo zangu wote, na sote tukasema kwa mdomo mmoja: aende kwa watani.

Ukoo wetu una watani katika kijiji kimoja cha ndani, upande wa Likawage. Ni utani wa tangu mababu, walipokuwa wakibadilishana chumvi na nazi kwa mtama. Mtani hawezi kukunyima chakula wala malazi. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako na kulala chali palipokuwa na jeneza akidai yeye ndiye marehemu na ana njaa. Baba alipofariki, wao ndio waliotuchekesha siku ile. Mmoja alivaa kanzu ya baba, akazunguka uani akitafuta kobazi zake kama alivyokuwa akizitafuta baba kila siku, huku zikiwa miguuni. Mpaka leo nikikumbuka matanga yale nacheka kabla sijalia.

Lakini watani wale wana kanuni moja ngumu: mtani hacheki mzaha wake mwenyewe. Anausema kwa uso wa mtu anayesoma hukumu. Akicheka yeye kwanza, ameshindwa. Sisi watu wa pwani tunafanya utani kwa makelele na kupigana mikono. Wao wanaufanya kama wanatangaza bei ya mbolea. Tulilijua jambo hili sote. Hakuna hata mmoja katika kikao chetu aliyelikumbuka.

Nilimsindikiza mwenyewe, na gunia la nazi begani. Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja mjane, mwembamba kama mchi, mwenye shamba la mahindi linalopakana na msitu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, nyani wangu." Akanitazama juu mpaka chini. "Bado unapanda miti?"

"Ndiyo kazi yangu, bibi."

"Nilimwambia baba yenu awafundishe kutembea chini, hakusikia." Kisha akamgeukia mdogo wangu kwa upole mkubwa. "Na huyu ndiye aliyepona? Karibu, mwanangu. Karibu sana. Pole kwa kusafiri na mnyama."

Utafiti ukaanza kesho yake. Mdogo wangu alikuwa na karatasi za maswali, dodoso kama wanavyoliita, na kila mhojiwa alisomewa kwanza kwamba majibu yake ni siri na kwamba ana haki ya kukataa. Mimi nilikatazwa kukaa karibu. Chuo kilisema mahojiano yawe ya faragha, mtu na mtu, asisikie mwingine. Nikafukuzwa hadi chini ya mkorosho wa mbali, nikawa namenya muhogo na kutazama midomo ya watu ikienda bila kujua inasema nini.

Nilichokiona ni kwamba kila mtu alijibu kwa uso wa makini sana. Mwenyekiti wa kijiji alijibu ameinamisha kichwa kama yuko kwenye dua. Bibi mwenyeji wetu alijibu huku akifuta jicho kwa ncha ya khanga. Nikajisemea, wallahi hawa watu wanaheshimu elimu.

Jioni mdogo wangu alirudi akiwa na uso uliojaa nuru, na maswali yasiyo na mguu wala kichwa.

"Kaka, baba alikuwa anazungumzaje?"

"Kwa sauti ya chini. Kwa nini?"

"Hapana, siwezi kukwambia. Ni siri ya wahojiwa." Akaandika. "Na alikuwa na subira?"

"Na watu, ndiyo. Na kobazi, hapana."

Akaandika na hilo. Nilifurahi kumwona hivyo. Yeye hana kumbukumbu yoyote ya baba. Mimi ndiye ninayemgawia zangu, kidogo kidogo, na nilishaanza kuishiwa. Tulipomaliza siku zetu, watani wakatusindikiza hadi barabarani na kunivisha shada la maganda ya ndizi, nasi tukarudi, mimi minazini, yeye chuoni.

Kisha ikaja simu ya pili. Safari hii nilikuwa chini, nafua nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha, na namshukuru Mungu kwa hilo.

"Kaka, msimamizi wangu ameisoma sura ya matokeo. Amefurahi mno. Anasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Anataka kuja mwenyewe kumwona mpatanishi."

"Mpatanishi gani?"

"Wewe."

Ndipo akanieleza. Karibu kila mhojiwa, peke yake, kwa faragha, alimwambia kwamba kijiji hakitumii mitego wala sumu. Nyani wakizidi, anaitwa mtu wa ukoo wetu kutoka pwani, anasimama mbele yao, anazungumza nao, nao wanaondoka kwa hiari. Baba yetu ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa na kauli, walisema. Dume kubwa la nyani lilikuwa likimsikiliza limeshika tama. Na sasa kipaji hicho kimemrudia mwanawe wa kwanza, ila mwenyewe ana haya, hapendi kukizungumzia, asiulizwe.

Nilicheka mpaka nikashika kifuo nisianguke. Nikacheka tena. Kisha nikagundua kwamba ninacheka peke yangu.

"Mdogo wangu," nikasema, "wale ni watani."

"Najua ni watani. Lakini niliwahoji mmoja mmoja, kaka. Tumefundishwa, watu wasiosikilizana wakisema jambo lilelile, jambo hilo lina ukweli."

"Walikubaliana kisimani."

"Wote?" akauliza.

"Kijiji kina kisima kimoja."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nadhani haikumuuma kwamba amechezewa. Sote tumekua tukichezewa na watani. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amempata baba, baba mwenye kauli, anayesikilizwa hata msituni, na mimi nimemnyang'anya katikati ya kufua nazi.

"Nitamwambia msimamizi," akasema mwishowe. "Uso kwa uso, si kwa simu. Lakini kaka, wewe uje. Ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi. Nisipokuwa na matokeo, nitarudia mwaka mzima."

Kurudia mwaka. Nikaitazama minazi, nayo ikanitazama. Nikaenda.

Nilimkuta kijijini kwa watani amefika na msimamizi kwa gari la chuo. Nikamvuta pembeni.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Kutoka Dar mpaka huku?"

"Kaka, alikuwa anaongea yeye. Kutoka Dar mpaka huku. Amesema hii inaweza kuwa ripoti bora ya mwaka. Amesema ataniombea nafasi ya kuendelea na masomo. Kila nikifungua mdomo, anaongeza jambo zuri."

Hatukuwa na muda zaidi, maana watani walikuwa wameshapata habari ya mgeni, na walikuwa wamejiandaa. Kule shambani kwa bibi walikuwa wamesimika kiti. Kiti kimoja, katikati ya uwazi kati ya mahindi na msitu, kimetandikwa khanga mpya. Kando yake, kigoda.

"Kigoda ni cha nini?" akauliza msimamizi, kalamu mkononi.

"Cha nyani," akajibu mwenyekiti. "Mkubwa wao. Hawezi kukaa chini wakati mwenzake yuko juu ya kiti. Ni dharau."

Msimamizi akaandika. Bibi akaniletea maji ya kunawa, akaninong'oneza bila kutikisa uso: "Ukiharibu kazi leo, ndugu zako watahama wakuache nasi."

"Bibi, mnamwangamiza mtoto."

"Nani? Sisi? Mbona tunamsaidia."

Nikataka kumweleza, lakini hapo hapo wanakijiji wakanyamaza wote, mikono kifuani, maana kule ukingoni mwa msitu nyani walikuwa wametoka. Ulikuwa wakati wa mahindi kukomaa, na walikuja kama wanavyokuja kila asubuhi, bila haraka, kama watu waliolipa. Mbele yao lilikuwa dume moja pana, lenye mabega ya mbeba magunia.

"Mpatanishi," msimamizi akasema kwa heshima, akiinua kamera yake, "tafadhali."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa ameyafumba macho. Nikatembea.

Jambo la kwanza lililonipa taabu ni salamu. Dume lile lilikuwa zee, mvi zimelijaa mgongoni. Nisipoliamkia, nitaonekana sina adabu mbele ya mwalimu wa chuo. Nikiliambia shikamoo, watani watanisimanga mpaka kaburini, na baada ya kaburi watakuja kwenye matanga kuirudia. Nikasimama nimeshika mgongo wa kiti, nikachagua njia ya kati.

"Hamjambo," nikasema.

Dume likakaa. Si kwenye kigoda, kwenye matope. Nyuma yangu nikasikia msimamizi akivuta pumzi kwa msisimko.

"Haya mahindi," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau sura, "haya mahindi yana mwenyewe. Mwenyewe ni yule bibi pale. Mimi nimetoka mbali. Sina ugomvi na mtu. Naomba tuelewane."

Dume likavunja hindi, likalimenya taratibu, likalitafuna likinitazama, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgombea.

"Endelea!" akanong'ona msimamizi.

Sikuwa na la kuendelea. Na hapo dume likatupa gunzi, likasimama, likaja kwangu. Halikukimbia. Lilitembea tu, hatua kwa hatua, na kadiri lilivyokaribia ndivyo nilivyoona meno yake yalivyo marefu. Akili yangu ikaenda likizo. Mwili ukabaki na kitu kimoja tu ambacho umekifanya maisha yake yote. Sisi wakwezi, kabla ya kuangusha nazi, tunapiga ukelele ili aliye chini aondoke, na ukelele huo unatakiwa ufike mpaka kwa mtu aliyelala ndani. Nikafungua mdomo, nikaupiga.

"Nazi hiyooooo!"

Nyani wote wakaruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Dume likageuka hewani. Mahindi yakatikisika, msitu ukajifunga, na uwanja ukabaki na mimi, kiti, na kigoda kilichopinduka.

Msimamizi alikuwa anapiga makofi. "Wameondoka! Nimeona kwa macho yangu! Umewaambia nini mwishoni? Ni lugha gani ile?"

Watani, nyuso kama mawe, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama watu waliozoea miujiza. Mwenyekiti akasema, "Baba yake alikuwa anawaondoa kwa kunong'ona. Huyu bado anajifunza."

Na mimi nikaona mambo yamekwisha, yamekwisha vizuri. Mwalimu ameona kwa macho yake. Ripoti bora ya mwaka. Joho, kofia, kila kitu. Mdogo wangu angenyamaza tu. Nilikuwa namtazama, na nakiri sikujua ninamwombea afanye lipi.

Akaja mbele. Alikuwa amelikumbatia lile dodoso kifuani.

"Mwalimu, hata wewe ungepiga kelele wangekimbia."

"Unasemaje?"

"Hakuna mpatanishi. Kaka yangu ni mkwezi, ule ni ukelele wa kuangushia nazi. Hawa ni watani zetu. Majibu yote yale ni utani."

Msimamizi alishusha kamera. "Wahojiwa wote?"

"Wote."

"Hata mwenyekiti?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

Mwenyekiti akatazama mawingu. Msimamizi akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye kigoda cha nyani. Alivua kofia, akajipepea. "Nimeshawaambia wenzangu kwenye kikao," akasema, si kwetu, kama anaiambia kofia. Kisha akamtazama mdogo wangu, wala hakuwa na ukali, jambo lililotutisha zaidi. "Umefanya vizuri kusema. Lakini huna matokeo. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa. Bila matokeo siwezi kusaini, na bila saini utarudia mwaka."

Nilikuwa sijawahi kuwaona watani wale wakibadilika nyuso. Siku ile niliwaona. Bibi alishika kiuno.

"Kurudia mwaka? Kwa ajili ya nyani?"

"Ndiyo, mama."

"Kwani hukujua?" Alikuwa anamwuliza msimamizi, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Mtu anamtuma mtoto na karatasi kwenda kumwuliza mtani wake, anategemea kuletewa nini? Sisi tulidhani chuo ndicho kimetaka hivyo. Tukasema, basi tuwape utani ulioshiba."

Msimamizi akaigeuzageuza kofia mkononi.

"Mwanangu," bibi akamwita mdogo wangu, "lete karatasi. Niulize tena. Nakujibu kweli tupu, yatima wa Mungu wewe, hupotezi mwaka kwa ajili yangu."

Wakakaa. Safari hii faragha haikuwepo, tulizunguka wote. Mdogo wangu akasoma swali: "Unatumia mbinu gani kuzuia nyani shambani kwako?"

Bibi akanyoosha mgongo. Akafungua mdomo. "Nyani," akasema, "mimi huwazuia kwa..." Akamtazama mdogo wangu. Akanitazama mimi. Nikaona kidevu kinacheza. Akajikaza, akameza mate, akaanza upya. "Huwazuia kwa..." Macho yakamjaa maji. "Kwa picha ya kaka yako, nimeitundika mtini."

"Bibi!"

"Siwezi! Naapa nataka, mdomo unakataa! Mlete mwingine!"

Akaletwa mwingine, akashindwa. Mwenyekiti akajaribu kujibu akiwa amefumba macho asituone, akafika hadi neno "mbwa", kisha akasema mbwa wake alikuwa mjomba wetu. Hawakuwa wanakataa. Ni kama kumwambia mtu aliyezoea kuandika kwa mkono wa kulia aandike kwa mguu. Tangu mababu hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumpa mtu wa ukoo wetu jibu lililonyooka, na njia yenyewe ilikuwa imeota nyasi.

Ni bibi aliyepata dawa. Alimgeukia msimamizi, akamkazia macho. "Wewe kwenu wapi?"

"Mimi? Natoka Kagera."

"Kabila gani?"

Akamtajia. Ukafuatia mjadala mrefu. Mmoja akasema watu wa huko ni watani zetu kupitia jeshini. Mwingine akakataa, akasema jeshini kila mtu ni mtani, haihesabiki. Msimamizi aliulizwa ukoo wa mama yake, ukoo wa bibi yake, na kama kuna ndugu yake yeyote aliyewahi kuoa Lindi. Alijibu yote kwa unyenyekevu, kama mtu anayeposa. Mwishowe mwenyekiti akatangaza: huyu hana utani na mtu yeyote hapa. Ni mkavu kabisa.

"Basi atauliza yeye," akasema bibi. "Na nyie wawili msionekane."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wa chuo kikuu alikaa juani na dodoso la mwanafunzi wake, akiuliza swali moja baada ya jingine, na mdogo wangu akakaa nyuma ya mkorosho wa karibu, mgongo umeegemea shina, akiandika kila alichosikia. Mimi nilisogezwa nyuma zaidi, mahali pa kusikia lakini si pa kuonekana, kwa sababu mhojiwa mmoja alisema hata kivuli changu kinamwasha. Kazi yangu ikawa kumpasulia mwalimu madafu niliyokuja nayo, na kumpa mtu mwingine ampelekee.

Majibu yalikuja yamenyooka, na hayakuwa na miujiza. Watu wanalinda kwa kukaa. Wanajenga dungu, kile kibanda cha kuinuliwa juu ya nguzo, na mtu anashinda humo kutwa akipiga debe tupu kuwatisha nyani. Wanafuga mbwa. Wanapanda ufuta upande wa msituni kwa sababu nyani hawaupendi kama mahindi. Wanawake ndio wanaoshinda huko zaidi, na msimu wa mahindi kukomaa watoto wengine hawaendi shule, wanabaki kupiga debe. Hapo mwalimu aliuliza mara mbili, na mdogo wangu akachungulia kutoka nyuma ya mti, akanitafuta kwa macho kule nilikokuwa. Baadaye jambo hilo ndilo lililokuwa kiini cha ripoti yake.

Wa mwisho alikuwa bibi. Alimaliza maswali yote bila kutetereka, kisha mwalimu, ambaye uso ulikuwa umeshabadilika rangi kwa jua, akalifunga dodoso.

"Mama, swali la kwangu mwenyewe. Huyu baba yao, kweli aliwahi kuja huku?"

"Alikuja sana. Alileta nazi."

"Na habari ya kuzungumza na nyani ilitoka wapi?"

Bibi akafikiri. Alikuwa anamjibu mkavu, hivyo alijibu kweli.

"Siku moja alikuwa anakatiza shambani hapa, dume la nyani likamtokea. Akakimbia. Yeye mkwezi, basi akakimbilia anapopajua, akapanda mti. Fikiria, mwalimu. Mtu anamkimbia nyani kwa kupanda mti. Nyani naye akapanda, akampita, akakaa tawi la juu yake. Yule bwana akabaki katikati, juu nyani, chini mbwa wangu anabweka. Nilifika nikamsikia anazungumza naye. Alikuwa anasema, bwana mkubwa, mimi sikujui, nawe hunijui, tusiharibiane siku. Nina watoto wanne, wa mwisho hajatembea. Alisema hivyo mpaka jua likageuka. Tulimshusha kwa ngazi. Alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka baharini."

Nyuma ya mkorosho hakukuwa na sauti ya kalamu. Kulikuwa na sauti nyingine, niliyoidhani kilio, nikasogea ingawa nilikatazwa. Mdogo wangu alikuwa ameinamia magoti, khanga mdomoni, anacheka kiasi cha kushindwa kupumua.

"Na wewe unatoka huko kwa nini?" bibi akanifokea. "Rudi mtini kwako!"

Msimamizi alisaini kwenye boneti ya gari. Sijui kama chuo kinaruhusu, ila alisaini.

Haikuwa ripoti bora ya mwaka. Alipomaliza kuitetea mbele ya jopo la walimu, mdogo wangu alinipigia na kusema imepita, alama ya kati, hakuna nafasi ya kuendelea na masomo kwa sasa, ila atahitimu na wenzake. Nikamwambia nimeelewa neno moja tu, atahitimu, na hilo linanitosha.

"Kaka, nilivyosimama mbele yao, magoti yalikuwa yanagongana. Hata siku ile shambani, kabla sijamwambia mwalimu, nilidhani nitaanguka. Hivi kweli baba alikuwa mwoga?"

"Mwoga kabisa," nikasema. "Hata mbuzi wa jirani, baba alikuwa anampisha njia."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani ukooni nimeanza mimi."